Nangoja Zaruna Sehemu ya Nne, Mume Wangu Amechoka Kuningoja

Mpendwa Mama Wambura, naomba msaada, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu kila mtu niliyemweleza jambo hili amecheka, kuanzia mume wangu hadi pasta wetu, na pasta ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi.

Naitwa Nelius, nina watoto wawili, nauza dawa kwenye famasi hapa Embu mjini, akili zangu ni timamu, na shida yangu ni gemu. Si kamari. Najua umeshafikiria kamari, kila mtu hufikiria kamari, na nilipomwambia mama mkwe kwamba ni gemu ya televisheni nilimwona kabisa akisikitika kwamba si kamari, maana waliozama kwenye kamari kanisani kwetu wana siku yao ya kuombewa, lakini mwanamke mzima anayelilia katuni hawajui wamweke wapi.

Gemu yenyewe inaitwa Zaruna, na usijisumbue kukumbuka kwa sababu hujawahi kuisikia, hakuna aliyewahi, hilo ndilo tatizo la dunia hii. Mimi nimelelewa Maua, baba yangu alikuwa karani wa serikali, na nyumba tuliyopanga ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la mzee Barre, ambaye binti yake Khadra alikuwa rika langu, na mjomba wa Khadra aliyekuwa dreva wa malori ya safari za mbali alimletea mashine ya gemu iliyotumika pamoja na kaseti za Zaruna, ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote kwa Kijapani. Kuna msichana mwenye kofia ya shaba na kikapu mgongoni, anatoka kijiji hiki anaingia kile, anaongea na watu, anapigana na madude, na kila mtu akiongea maneno yanatokea chini ya skrini kwa yale maandishi yao yanayofanana na njiti za kiberiti zilizomwagika, na Khadra alikuwa ananisomea. Ndiyo, alikuwa anasoma. Khadra alikuwa anaenda madrasa, alikuwa anasoma maandishi nisiyoyajua kutoka kulia kwenda kushoto bila kukwama, na mimi wa darasa la nne nikaona herufi zote nisizozijua ni za ukoo mmoja, kwa hivyo sikushangaa hata kidogo.

Na hadithi aliyokuwa akinisomea, mshauri, sijasikia nyingine kama hiyo mpaka leo. Zaruna alikuwa anamtafuta dada yake aliyechukuliwa na upepo, na ndani ya kile kikapu kulikuwa na rinda la dada, na kila dude alilopigana nalo lilikuwa mtu aliyevunja ahadi akageuka, na kwenye kijiji cha pili kulikuwa na mzee mwenye ndevu hadi magotini aliyesema, "Mwanangu alipita hapa na sikumtambua, nikamfungia mlango," na mimi nililia kwa ajili ya mzee huyo hadi mama Khadra akatoka jikoni kuuliza nani amepigwa. Mwisho wa kaseti ya tatu Zaruna anafika kwenye lango kubwa, anaweka mkono juu yake, skrini inakuwa nyeusi, maneno yanatokea, na Khadra akasoma polepole, "Dada, ni mimi." Nikamuuliza, halafu? Akasema, "Itaendelea." Shule zilipofungwa baba akahamishwa kuja Embu, na kampuni haijatoa sehemu ya nne hadi leo.

Sasa wengine hukua wakasahau, mimi nilikua nikapata intaneti. Nikagundua kuna watu Brazil, Poland na kwingineko wanaoililia Zaruna kama mimi, tuna kundi letu, na mimi ndiye katibu wa tawi la Afrika Mashariki, tawi ambalo lina mimi, kijana mmoja wa Kampala asiyejibu ujumbe, na mama wa Dodoma aliyejiunga akidhani Zaruna ni mafuta ya ngozi. Kila mwezi naiandikia kampuni nikiomba irudishe Zaruna, na kila mwezi inanijibu kwamba imefurahi sana kupokea maoni yangu. Mume wangu Ngari, ambaye ana duka la dawa za mifugo na ni mtu mpole, anasema hiyo ni mashine inajibu, na anasema hivyo akiwa amevaa jezi ya timu ya Uingereza ambayo haijui kama yeye amezaliwa, na kila Jumapili timu hiyo ikifungwa hali chakula, lakini aliyepotea ni mimi.

Mambo yaliharibika mwezi uliopita. Wenzetu wa kundi walikuwa wamekaa miaka wakitafsiri Zaruna zote tatu kwa Kiingereza, na siku waliyoachilia tafsiri hiyo ikawa ndiyo siku ya kwenda Kanja, kwa kina Ngari, kwa ruracio ya wifi yangu Wamuyu, siku ya wakwe kuja kuleta mahari, na Wamuyu alikuwa ameniomba mimi, si dada zake, mimi, nimshike mkono wakati wanapotolewa wasichana waliofunikwa leso ili bwana harusi achague aliye wake. Mama Wambura, nilisema mgongo unauma. Nilisema nikiwa nimelala kwa tumbo ili ionekane. Ngari akaniamini, akanifunika blanketi, akaondoka na watoto, na gari lake halijafika barabarani mimi nilikuwa nimefunga mapazia na kuvaa hedifoni.

Nisichojua ni kwamba Ngari, kwa ule upole wake, alimpigia mama yake, na mama mkwe akiwa njiani kutoka mjini kwenda Kanja na kina mama wa kanisa akaamua wapitie waniombee, wakiwa na uji kwenye thamosi. Mimi sikusikia geti. Walichosikia wao, kama walivyokuja kueleza mbele ya watu wote, ni sauti yangu ikipiga kelele ndani ya nyumba yenye giza, "Usiingie! Usiguse mlango huo, atakumeza!" na wakati huo mama mkwe alikuwa ameshika kitasa. Akakiachia. Wakaanza kuomba pale nje, na kadiri walivyoomba ndivyo mimi nilivyozidi, "Rudi nyuma! Mchome! Mchome moto!" na mama mmoja aitwaye Nkirote, ambaye hajawahi kunipenda, akasema, "Hao ni wengi." Ndipo mama mkwe akapiga mlango teke, mwanamke wa umri wake, akanikuta nimesimama juu ya kochi, mgongo umenyooka kama wa askari, na rimoti ya gemu mkononi.

Hakunipigia kelele. Aliangalia televisheni, akaangalia kofia ya shaba, akaniuliza, "Mama Kanini, huyu ndiye mgonjwa?" kisha akaweka thamosi mezani wakaondoka. Wamuyu alitolewa chini ya leso akiwa ameshikwa mkono na Nkirote. Tangu siku hiyo hajashika simu yangu. Naye Ngari jioni hiyo alikaa kwenye kiti akiwa bado na suti, akasema, "Ningekukuta na mwanaume ningejua pa kuanzia. Sasa nikapigane na nani, kikapu?" kisha akaichukua televisheni akaipeleka dukani kwake, iko huko kati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, wateja wanatazama habari.

Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kile nilichokisoma kwenye skrini kabla mlango haujapigwa teke. Hakuna dada. Kwenye Zaruna hakuna dada yeyote, hakuna upepo, hakuna rinda, ndani ya kikapu kuna kabeji, Zaruna ameajiriwa na mfalme kusambaza kabeji, na yule mzee wa kijiji cha pili niliyemlilia hadi nikavimba macho alikuwa anasema, "Bonyeza kitufe chekundu ili kuruka." Nilidhani wenzetu wamekosea kutafsiri, nikaandika kwenye kundi kwamba wamefuta dada, nikawaeleza habari yote kwa hasira ya katibu wa tawi, na watu wa Brazil na Poland wakacheka kwa lugha zao, na sasa wananiita Dada.

Nikapanda gari nikaenda Meru. Khadra siku hizi ana duka la mapazia pale mjini, tulipatana tena kwenye simu miaka michache iliyopita na huwa ananitumia jumbe za sauti, ndefu, habari za watoto, za biashara, nyingine sijasikiliza hadi mwisho kwa sababu ya shughuli za kundi. Alinikumbatia kama jana ndiyo tuliachana, akaagiza chai. Sikuinywa. Nikamwambia, "Khadra, kwenye kikapu kulikuwa na nini?"

Akasema, "Rinda."

Nikasema, "Kabeji."

Mama Wambura, alicheka hadi akashika rafu ya mapazia. "Wallahi? Kabeji? Mimi siku zote nilidhani ni mawe!"

"Ulinidanganya utoto mzima," nikamwambia, na wateja walikuwa wanasikia.

"Abaayo," akasema, ndivyo wao humwita dada, "ulitaka nisome nini? Sikuwa najua hata a. Ulikuwa umekaa pale umekodoa macho, unaniambia soma, soma. Na nyumbani kulikuwa kimya. Ulisahau dada yangu Sabirin alikuwa ameolewa mwaka ule, akapelekwa mbali, na mama hakutaka tumtaje kwa sababu akimtaja analia? Basi nikamtafuta pale. Na wewe ukawa unalia na mimi. Hakuna mwingine nyumbani aliyelia na mimi."

Nami nikasema upuuzi. Nikamuuliza kama kuna sehemu ya nne. Akanijibu, "Ipo. Iko hapa kichwani. Nilikuwa nakuandalia, mkahama. Kaa nikwambie." Nami, kwa kuwa nilikuwa nimekasirika na nimeaibishwa hadi Poland, nikamjibu kwamba mimi nangoja ya kampuni, ile ya kweli, nikatoka.

Basi swali langu ni hili. Kampuni imetangaza kwamba Jumamosi hii itatoa habari kubwa kuhusu Zaruna, moja kwa moja mtandaoni, na makatibu wote wa matawi tunatakiwa kuwepo. Khadra naye ametuma ujumbe kwamba Jumamosi hiyo hiyo niende Meru na watoto, anipe mwisho wa hadithi, kwa sababu anahamia Moyale na mumewe Abdikadir na lori linapakiwa Jumapili. Ngari anasema yeye hasemi kitu. Nimepima nikapima. Ya Khadra ni ya kubuni na ya kampuni ni halali. Niende wapi? Na nitafanyaje ili Wamuyu ashike simu, Ngari arudishe televisheni, na watu wa Poland waache kuniita Dada? Namba yangu iko hapa chini ukitaka kuuliza zaidi.

Nelius, Embu.

MAMA WAMBURA ANAJIBU

Nelius, nimecheka. Nimecheka nikiwa ofisini, nikacheka tena kwenye chakula cha mchana, na mhariri wangu, ambaye hacheki, ameniomba nimsomee kipande cha Nkirote mara mbili. Sasa tumemaliza kucheka.

Wasomaji waelewe kwamba barua hii ilinifikia Alhamisi na gazeti letu hutoka Jumatano. Ningekujibu hapa tu, ungesoma ushauri wangu wakati lori liko Moyale na nyasi zimeota pale lilipokuwa. Kwa hivyo nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nipewe ukurasa huu. Nilikupigia.

Ulishika simu kabla haijalia vizuri, ukasema kwa Kiingereza safi kabisa, "Tawi la Afrika Mashariki, naweza kusaidia?"

"Ni Wambura wa gazeti."

"Oo," ukasema, kama mtu aliyefungua mlango akitarajia mgeni akamkuta landilodi.

"Jumamosi uko Meru," nikakwambia.

"Lakini mshauri, mimi ni katibu, tawi litanitegemea."

"Tawi lina nani?"

"Yule mama wa Dodoma ameondoka," ukasema.

Niliyokwambia kwenye simu nayarudia hapa ili wengine wanaougua ugonjwa wako, na wako wengi, wengine wanaugua mpira, wajipatie dozi.

Unasema umepima. Ulipima na mizani gani? Upande mmoja kuna kampuni iliyoko ng'ambo ya bahari, ambayo kwa miaka yote hii imefurahi sana kupokea maoni yako. Upande wa pili kuna mwanamke aliyekaa sakafuni Maua, hajui hata herufi moja, akakutungia kijiji kwa kijiji, mzee kwa mzee, papo hapo, bila kukwama, kwa sababu ulikuwa umemkodolea macho. Halafu wewe unakuja kunieleza ipi ni halali. Hujawahi kuililia Zaruna ya kampuni hata siku moja, mama. Kabeji hazijawahi kumliza mtu. Uliyemlilia ni Khadra, na unayengoja akutolee sehemu ya nne ni Khadra, na amekuwa akikutumia jumbe za sauti ambazo hukuzimaliza kwa sababu ulikuwa na shughuli nyingi za kumtafuta. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilivua miwani.

Na alipokuambia mbele ya mapazia yake kwamba wewe ndiwe pekee uliyelia naye dada yake alipopelekwa mbali, uliuliza kama kuna sehemu ya nne. Sina neno la hilo. Umeliita upuuzi mwenyewe, nakushukuru kwa kunipunguzia kazi.

Kuhusu Ngari. Mwanaume alikufunika blanketi. Akampigia mama yake kwa hofu ya mgongo ambao haukuwa na kitu. Ndiyo, jezi yake ni kichekesho, na Jumapili akikataa chakula kwa sababu ya watu wasiomjua mpe pole na mfunike sahani. Lakini yeye hajawahi kulala kwa tumbo akuongopee ili atazame mpira. Kama unataka kucheza gemu, mwambie: Ngari, Ijumaa jioni nacheza gemu, wapeleke watoto kwa mama yako, cucu wao. Mwanamke mzima anaruhusiwa kupenda gemu. Hakuna aliyekukataza. Hukuwahi kumwomba mtu ruhusa, ulikwenda moja kwa moja kwenye mgongo.

Kuhusu Wamuyu, nilikukaripia vibaya hadi ukalia, na sijutii. Msichana alikuwa na dada zake na akakuchagua wewe. Anasimama chini ya leso haoni mbele, ananyoosha mkono, na mkono anaoupata ni wa Nkirote. Simu ya nini? Mtu uliyemwacha akinyoosha mkono humpigii simu, unamwendea. Nilikutuma Kanja kesho yake Ijumaa, bila zawadi na bila maelezo ya kabeji.

Ukaenda. Najua kwa sababu jana ulinipigia kunipa habari yote, na kwa kuwa umeniruhusu, nawamegea wasomaji.

Wamuyu hakukukaribisha. Alikuwekea ungo wa njahi, yale maharage meusi, mapajani uchambue, akaketi upande wa pili wa jiko na kukupa mgongo. Ukachambua. Ukasema, "Nilikuongopea, na nilikuacha peke yako, na sikuwa mgonjwa." Ukaendelea kuchambua. Njahi zilipokaribia kuisha ndipo akauliza bila kugeuka, "Na huyo Zaruna wako, yeye hana wifi?" Ukamwambia hana mtu, kumbe ana kabeji tu. Ukaona mabega yake yakitikisika, na ulidhani analia. Hakukusamehe siku hiyo, usijidanganye. Lakini alikupa chakula, na harusi iko Desemba, na amekwambia uje mapema kwa sababu kuna sufuria za kuosha. Hizo sufuria ni zako, zote, na usitafute msaidizi.

Jumamosi ulikwenda Meru. Hukwenda peke yako, Ngari alikupeleka, watoto nyuma, na alipofika akamkuta Abdikadir anahangaika kufunga marobota ya vitambaa, akavua koti akaanza kumsaidia, na hao wawili hawakuongea kitu kingine siku nzima ila kamba na timu ya Uingereza. Nawe ukaketi na Khadra juu ya marobota mengine, duka likiwa tupu. Simu yako ikaanza kutetemeka mfukoni. Habari kubwa ya kampuni. Unasema mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, na Khadra akauona, akangoja. Ukaitoa ile simu ukampa Kanini, binti yako, akaenda nayo nje.

Khadra akajaribu kuanza, akakwama. "Neli, nimesahau," akasema. "Nimekuita kutoka Embu na nimesahau, wallahi."

"Zaruna yuko kwenye lango," ukamwambia. "Ameweka mkono."

"Ameweka mkono," akasema Khadra.

"Amesema, dada, ni mimi."

"Ndiyo." Akafumba macho. "Basi lango halikuwa limefungwa. Siku zote halikuwa limefungwa. Akalisukuma likafunguka. Ndani kuna uwanja, kuna jiko, na dada yake ameketi anapepea makaa. Hata hakuinuka. Akamwangalia hivi, akamwambia, 'Mbona umechelewa? Chai imepoa.'"

Mtoto wako mdogo akauliza, "Ni hayo tu?" na nyinyi wawili hamkuweza kumjibu kwa sababu mlikuwa mnalia kama watu waliofiwa, hadi Abdikadir akaingia mbio kuuliza nani amepigwa.

Kanini akarudi na simu akakusomea habari kubwa. Kampuni imemrudisha Zaruna. Amerudi kwenye soksi. Soksi za toleo maalumu, na kikombe. Hakuna gemu. Unasema ulicheka, na Ngari, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kamba begani, aliuliza taratibu kama wanauza soksi za saizi yake. Mshikilie mwanaume huyo. Televisheni utaipata akitaka, na ukiipata usishangilie.

Mlilala Meru, Jumapili mkapakia lori, mkaagana barabarani. Watu wa Poland sina dawa yao. Na kama wataendelea kukuita Dada, mimi sioni tusi hapo, lakini huo ni upande wako na wao.

Ushauri wangu ungeishia hapa, nami ningekwenda kunywa chai yangu. Lakini jana kabla hujakata simu ulinieleza kwamba Khadra alikutumia ujumbe wa sauti akiwa kwenye lori, karibu na Marsabit, mrefu, kelele za injini zimejaa, anaeleza vilima na ngamia na jinsi anavyoiogopa nyumba mpya. Nikakuuliza umemjibu nini. Ukaniambia bado, kwamba unafikiria ungoje kwanza afike, apumzike, apange vyombo, halafu utafute siku nzuri yenye nafasi.

Nelius. Mpigie. Mbona bado unasoma?